Chini ya Kumi na Tano

Mtoni, Temeke
11 Februari 2024

Kwako mpwa wangu Rosalia,

Mjomba wako anakusalimu. Ni mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kuliko mwenyewe. Natumaini mmefungua shule salama na kwamba maharage ni yaleyale mnayoyalalamikia kila mwaka. Mama mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, anakusalimu ingawa hamjaonana. Nilimwambia nina mpwa kidato cha tatu, sasa anawatangazia wapangaji wote kama vile ni yeye aliyekuzaa.

Kazi ipo. Tunapanga vitofali vya pevingi, vile vya kukanyagia, kwenye ua wa Bwana Alireza huko Goba, juu kilimani. Siku za kazi nalala hukohuko, Mtoni narudi Jumamosi. Bwana mwenyewe ni mstaarabu, ila hana msimamo. Kwanza alitaka vitofali vipangwe kama mkeka. Tulipofika katikati akataka mistari iliyonyooka. Juzi mkewe, Bi Tazim, katoka na kikombe cha chai mkononi, katazama, kasema anaona duara lingependeza. Duara, Rosalia, kwenye mteremko! Tumeng'oa kila kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi pale Tabata nilikutana na mtu wa kijijini kwetu. Akaniambia, "Kamugisha, mama yako kabadilika." Nikamuuliza kabadilikaje. Akasema, "We nenda tu ukamwone," akapanda bodaboda akaondoka. Sasa mtu akikuambia hivyo utalala? Nikampigia Mama simu. Anasalimia vizuri sana, salamu zote za Kihaya, anauliza mpaka habari za watu waliokwisha kufa. Nikiuliza swali anasema muda wa maongezi unakwisha, anakata. Na aliyepiga ni mie! Jirani Monica nikimuuliza anasema, "Ni uzee tu, shemeji."

Wewe ulikaa naye likizo yote ya Desemba. Nataka uniambie waziwazi, mama yangu ana nini? Shule imewakataza simu, sawa, kalamu haijawakataza. Tuma kwa sanduku la posta la duka la Mzee Shamsuddin kama kawaida.

Mjomba wako,
Kamugisha


Shuleni
3 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipata na nimefurahi, ingawa ilikuwa na udongo. Mimi sijambo. Maharage ni yaleyale. Naomba umsalimie Bi Somoe, umwambie asinitangaze kabla ya matokeo. Pole na magoti, na pole na duara.

Bibi anakula vizuri, analala, na Jumapili anakwenda misa ya pili.

Mjomba, kuna kitu nataka nikueleze. Mwalimu Mwishehe, anayetufundisha hisabati, alituonyesha namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Baadhi yake zinakaa mbilimbili, zimerukana namba moja tu katikati: 3 na 5, 5 na 7, 11 na 13, 17 na 19. Hizo zinaitwa tasa pacha. Sasa zidisha kila pacha kwa mwenzake. Unapata 15, 35, 143, 323, halafu 899, na kuendelea. Na zote zina ugonjwa mmoja: kila moja imepungukiwa na moja tu ili iwe mraba. Kumi na tano ingeongezwa moja ingekuwa nne kwa nne. Thelathini na tano ingekuwa sita kwa sita. Hazikosei hata siku moja.

Desemba tulicheza mchezo huo na Bibi kwa zile kahawa za kutafuna anazowatolea wageni. Tunatandika mkeka, mimi nasema "tatu kwa tano", yeye anapanga mistari mitatu ya kahawa tano tano. Kisha anaitoa ile safu ya wima ya mwisho yenye kahawa tatu na kuilaza chini ya mistari ili iwe mraba, na pembeni panabaki pengo la kahawa moja. Pengo hilo linamuudhi sana. Anamgeukia Monica, "Umeila wewe! Hebu fungua mdomo." Monica anafungua. Tulicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Desemba Bibi alifika 323. Mistari kumi na saba ya kahawa kumi na tisa, huku anapiga hadithi, na hakukosea hata mmoja. Naomba uikumbuke hiyo namba, Mjomba. 323.

Na wewe unakuja lini? Hujaandika.

Mpwa wako akupendaye,
Rosalia


Mtoni
21 Aprili 2024

Rosalia,

Salamu nyingi. Barua yako ya Machi nimeipata wiki hii. Bi Sakinabai, mke wa Mzee Shamsuddin, aliifungia kwenye droo ya kaunta akasafiri kwenda arusini Zanzibar, na ufunguo kaondoka nao. Mzee mwenyewe ananiambia, "Kijana, mimi ni mwenye duka, si mwenye droo." Basi nikangoja.

Mvua zimetuharibia. Kilima cha Goba kimeamua kuhama. Mchanga wote tulioushindilia umeteremka kwa jirani, na jirani anasema sasa ni wake. Bi Somoe anaumwa jino na sie wapangaji wake tunaumwa naye.

Sasa, mama mdogo wa hisabati, nilikuuliza nini? Niliuliza mama yangu ana nini. Umenijibu mia tatu ishirini na tatu. Nimeisoma barua mara tatu nikidhani pana ukurasa umedondoka. Anakula, analala, anakwenda misa. Hata mbuzi wake anakula na kulala. Mimi niliachia shule kidato cha pili, lakini swali nalijua likijibiwa na nalijua likikwepwa.

Na kwa kuwa umeniudhi, nikajaribu. Wakati wa chakula nilipanga vitofali kumi na vitano, tatu kwa tano, nikahamisha kama ulivyosema. Kweli likabaki pengo moja. Msimamizi wetu Thuwaini akanikuta nimechuchumaa nalitazama. "Kamugisha, unafanya kazi au unacheza bao?" Nikamwambia nacheza na mpwa wangu aliyeko Kagera. Sasa wenzangu wananiita Profesa, na chanzo ni wewe.

Jibu swali. Ukiwa likizo mtazame vizuri, uniandikie anavyotembea, anavyoongea, kama anamjua mtu. Kuhusu mie kuja, ngoja mvua zikatike.

Mjomba


Shuleni
7 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Natumaini jino la Bi Somoe limetulia na kilima nacho kimetulia. Mimi nilipata malaria kidogo mwezi wa sita, sasa nimepona. Kuku wawili wa Bibi wamechukuliwa na kicheche. Parokia ina padri mpya, anahubiri haraka, watu wamempenda.

Nilikuwa nyumbani Pasaka, halafu likizo yote ya Juni. Bibi anatembea vizuri. Shamba la migomba analipalilia mwenyewe.

Pasaka Bibi alifika 143. Tulipojaribu 323 mistari iligongana, akasema mkeka ni mdogo. Mkeka ni uleule, Mjomba. Mwisho wa Juni alifika 35. Nilipomwambia kumi na moja kwa kumi na tatu alinitazama kama nimemtukana, akazifagia kahawa zote kwa mkono zikaingia majivuni. Monica akaziokota. Bibi hakumwambia afungue mdomo.

Nilimuuliza Mwalimu Mwishehe kama namba hizi zinaisha. Akaniambia ukipanda juu hakuna mtu duniani anayejua, wanaohesabu kwa kompyuta bado wanazikuta, ila kuthibitisha kwamba hazina mwisho imewashinda wote mpaka leo. Nilikasirika nikashindwa kula. Watu wazima, na vyuo vyote hivyo! Lakini ukirudi chini zinaisha, akasema, hilo hata mtoto analijua.

323, 143, 35. Tafadhali Mjomba zitazame. Usizisome haraka kama unavyosomaga risiti.

Mvua zimekatika sasa. Unakuja lini?

Mpwa wako,
Rosalia


Goba
18 Agosti 2024

Rosalia,

Salamu. Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye mfuko wa saruji, ndiyo maana mwandiko umepinda. Jino la Bi Somoe lilitolewa. Bwana Alireza ameridhika na duara, lakini kaka yake Baqir kaja kutoka Muscat kasema duara linamzungusha kichwa. Tunang'oa.

Mkuu wa shule ameniandikia. Anasema hisabati umepata alama za juu kuliko wote, na kemia umepata alama ambayo aliona haya kuiandika kwa tarakimu, akaiandika kwa maneno. Sasa nimeelewa. Binti yangu umeshikwa na hizi namba zako mpaka huoni kingine. Nimekuuliza habari ya mama yangu tangu Februari, na kila mara ninapofungua bahasha naletewa mapacha. Mimi sina mwalimu Mwishehe hapa wa kunitafsiria. Nina nyundo ya mpira na Thuwaini.

Usiniambie nizitazame. Nimezitazama. Ni namba. Zilikuwa kubwa, sasa ni ndogo, basi mchezo umewachosha, na mimi ningechoka zamani. Mwache Mama apumzike, acha kumsumbua mzee wa watu na hesabu za shule.

Jana nilimpigia. Kaniita kwa jina la marehemu baba. Nikasema ni mtandao.

Kuhusu kuja, tutaangalia. Mtu akitoka hapa wiki moja anakuta toroli lake lina mwingine. Usiniulize tena.

Kamugisha


Shuleni
22 Septemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo. Kemia nasoma. Tulipewa mapumziko mafupi nikaenda nyumbani.

Kumi na tano.

Tatu kwa tano, nilimsaidia mstari wa kwanza. Wa pili alipanga mwenyewe. Kahawa za mstari wa tatu alizila.

Mjomba, katika mfuatano huu chini ya kumi na tano hakuna nyingine. Ndiyo ya kwanza. Hakuna pa kushukia tena.

Rosalia


Mtoni
13 Oktoba 2024

Rosalia mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, na safari hii sina hasira. Mimi mzima, Bi Somoe mzima na anacheka upande mmoja. Goba tumebakiza lango tu, tumerudia mistari iliyonyooka, ileile ya mwanzo. Miezi minane! Nilimwambia Thuwaini kama tungekaa tu chini ya turubai tukanywa chai tungefika palepale.

Barua yako ilikuwa fupi na nimeipenda. Nimefurahi kusikia namba zimefika mwisho na hakuna nyingine. Sasa umebaki na nafasi ya kemia. Na kama Mama ana hamu ya kula kahawa zake, basi nguvu anazo. Nimemwambia Bi Somoe, "Mama yangu anatafuna kahawa kama msichana," akasema nimshukuru Mungu.

Desemba uniandikie mambo ya maana.

Mjomba wako,
Kamugisha


Shuleni
27 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sitaandika habari za mtu mwingine leo.

Nimesoma barua yako uwanjani nikailia mbele ya wenzangu. Nimekuandikia tangu Machi! Nimekuandikia kila kitu, na wewe umefurahi!

Desemba Bibi alianza kusahau. Akaweka sufuria jikoni bila maji, akamfukuza Monica akidhani ni mwizi. Alipotulia alijua mwenyewe kwamba ana jambo. Akaniita chumbani, akachukua rozari ya marehemu mama yangu, akaniambia niishike. "Apa kwamba hutamwambia Kamugisha kwamba nasahau. Ataacha kazi, atakuja kukaa hapa ananitazama kama maiti." Nikaapa, Mjomba. Kwa rozari ya mama. Ningefanyaje? Na Monica pia alimwapisha.

Lakini kuhusu namba hakuniapisha. Nikaona wewe ni mtu wa kupanga vitu kwa mistari, utaelewa. Desemba mtu anapanga 323 bila kukosea, Pasaka 143, Juni 35, Septemba anakula kahawa mkekani na kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ungemwona mgonjwa wa homa anashuka hivyo ungesema "mchezo umewachosha"? Nilikupa moja moja ili uone zinavyoshuka. Ulikuwa unatafuta jibu kwenye maneno na lenyewe lilikuwa pale pale kwenye tarakimu.

Sasa kiapo nimekivunja. Nitaungama kwa padri wa haraka, yeye hataniweka sana. Wewe njoo. Usiniambie mvua, usiniambie toroli. Siku zilizobaki ambazo atakujua ni chache, na mimi siwezi kuzihesabu, kwa hiyo usiniulize ni ngapi.

Rosalia


Nyumbani, kijijini
24 Novemba 2024

Mpwa wangu Rosalia,

Nakusalimu kutoka hapa kwetu. Nimekaa kizingitini, Monica ananitengenezea chai, anasema nimekonda na kwamba Dar inanila. Mbuzi wazima. Kicheche bado anakuja.

Barua yako ilinifikia siku tuliyofunga lango la Goba. Niliisoma pale dukani kwa Mzee Shamsuddin, nimesimama. Bi Sakinabai akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikasema hapana, kuna mjinga. Nikazitoa barua zako zote nikaziweka kwenye kaunta, moja baada ya nyingine. Mtu anayeshinda anatazama kama mstari umenyooka, na huu hakuuona. Thuwaini nilimuaga kwa simu. Alisema, "Ukirudi utakuta mtu." Nikamwambia amkaribishe.

Kwanza nikutoe kwenye kiapo. Hukuvunja kitu. Mama alikuwa na haki ya kuficha na mimi nilikuwa na haki ya kujua, na katikati yetu akawekwa mtoto wa miaka kumi na sita. Hilo ni kosa la wakubwa, usiende kulisumbua kanisa nalo.

Sasa nikuambie, maana uliomba nisikwepe. Nilifika asubuhi. Alikuwa mlangoni, kajifunga kitenge vizuri, anaonekana mzima kabisa. Nikapiga goti, nikamsalimu salamu ya kwetu, akaitikia yote mpaka mwisho. Nikasema moyoni, Rosalia kazidisha. Halafu akanitazama miguu yenye saruji akasema, "Wewe ndiye fundi?"

Nikasema, "Mama, ni mimi, Kamugisha."

Akasema, "Kamugisha yuko Dar, ana kazi nzuri. Wewe umechelewa. Nilisema uje juzi."

Monica akageuka akautazama mgomba. Mimi nikasema nimechelewa kweli, anisamehe, kazi ni ipi? Akanionyesha njia ya kutoka mlangoni kwenda jiko la nje, pale panapoteleza wakati wa mvua. Anataka mawe. Si simenti, mawe bapa. Tukapatana. Anajua kubana, usidhani kasahau hilo.

Basi nafanya kazi kwa mama yangu, Rosalia. Nachimba, naleta mawe kutoka mtoni, nayapanga. Yeye anakaa kwenye kigoda ananisimamia, na Thuwaini hamfikii hata kidogo. "Hilo limeinama. Toa." Natoa. "Nani kakufundisha wewe?" Saa nne ananiletea kahawa kwenye kikapu kidogo, kama mgeni, nachukua mbili natafuna. Nilijaribu ule mchezo wenu siku ya kwanza, nikazipanga tatu kwa tano juu ya jiwe. Akaniambia fundi anayechezea chakula hapati kazi tena hapa.

Juzi akaniuliza kama nina mke. Nikasema sina. Akasikitika. Akaniuliza kama nina mama.

Nikasema ninaye.

"Umemwona lini?"

Nikasema ni miaka sita sasa.

Alinigombeza, Rosalia! Sijagombezwa hivyo tangu nikiwa na suruali fupi. Akasema vijana wa siku hizi tuna mioyo ya mbao, kwamba mama huwa anasema hana shida ili usihangaike, na wewe mpumbavu unamwamini. "Weka hilo jiwe chini. Nenda ukamwone mama yako." Nikasema nitakwenda kazi ikiisha. Akasema, "Basi fanya haraka."

Sasa kila asubuhi ananikuta pale uani anashangaa. "Bado hujaenda?" Namwambia njia haijaisha. Anaitazama, anaona kweli haijaisha, anakaa kwenye kigoda.

Na njia, nikuambie ukweli, ni fupi. Fundi wa kawaida angeimaliza wiki. Mimi mchana napanga mawe, na akienda kulala nang'oa mengine nayarudisha kwenye lundo. Monica ameniona. Ukifunga shule njoo moja kwa moja nyumbani. Utanikuta sijamaliza.

Mjomba wako,
Kamugisha